Enzi za vitu rahisi Chake Chake

Watu wa makamo wa Chake Chake, kisiwani Pemba, wakikaa barazani na mazungumzo yakafika kwenye bei, hawachelewi kurudi katikati ya miaka ya 1980. Wakati huo maduka ya mji yalijaa tena baada ya miaka mingi ya rafu tupu. Vilikuja vitambaa vya Dubai, redio za kaseti, sabuni za kunukia, na zaidi ya vyote marobota ya mitumba, nguo zilizoitwa kafa Ulaya. Enzi hiyo hukumbukwa kwa mapenzi makubwa. Kuyaelewa mapenzi hayo kunataka kuanza mbali kidogo, kwenye karafuu.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Fedha ya Pemba ikawa fedha ya msimu. Karafuu zikichumwa na kuanikwa, watu wana kitu mkononi. Msimu ukipita, wanaishi kwa kukopa. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 mkopeshaji alikuwa mwenye duka, mara nyingi Mhindi aliyekaa ghorofani na watu wake, biashara ikiwa chini. Kaniki, kanga, mchele na mafuta ya taa viliandikwa daftarini hadi karafuu zishuke. Asiyeweza kununua kanga mpya alisubiri vipande vya mwisho wa jora, vilivyouzwa kwa bei ya kuvimaliza.

Sipendi duka hilo lisifiwe bila kutajwa daftari lake. Wapo waliolipa deni kwa miti yao. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka sheria za kuzuia mashamba yasiishie kwa wakopeshaji, ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi wa zao. Wafanyabiashara wa Kihindi walijibu mwaka 1937 kwa kususia karafuu za Zanzibar, nao wenzao wa India wakawaunga mkono hadi mapatano yalipofikiwa mwaka uliofuata. Bei ya kanga Chake Chake ilikuwa imefungamana na ugomvi uliofika Bombay.

Baada ya Mapinduzi wengi wa wenye maduka hao waliondoka, na biashara ya kuingiza bidhaa ikashikwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Abeid Amani Karume alibana uingizaji wa vyakula kama mchele na unga ili wananchi wajilishe wenyewe. Pemba ikala muhogo na kupanga foleni. Inauma kukumbuka kwamba karafuu za Pemba ndizo zilizoiingizia Zanzibar fedha za kigeni miaka hiyo hiyo, na kwamba visiwa vilikuwa na televisheni ya rangi miaka mingi kabla Tanzania Bara haijapata televisheni yoyote mwaka 1994. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Aliyemfuata, Aboud Jumbe, alilegeza mambo kiasi, lakini uhaba haukuisha. Bei za kumaliza mzigo hazikuwepo, kwa sababu mzigo wenyewe haukuwepo.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, Jumbe alipojiuzulu na Ali Hassan Mwinyi kushika urais wa Zanzibar, Seif Sharif Hamad, mtoto wa Pemba, akiwa Waziri Kiongozi. Mwenye fedha za kigeni aliruhusiwa kuleta bidhaa, na Wapemba wengi walikuwa na ndugu Oman na Dubai. Ushuru ulikuwa mdogo. Zanzibar nzima ikawa kama duka moja la bei ya chini, na watu wa Bara walivuka bahari kuja kununua, kisha wakavutana na forodha Dar es Salaam.

Robota ndilo lililokuwa na raha yake. Mfanyabiashara alilinunua likiwa limekazwa kwa mikanda, bila kujua kilichomo. Siku ya kulifungua, waliowahi walichagua vizuri na kulipa zaidi. Kadiri saa zilivyokwenda bei ilishuka, na jioni mabaki yalimwagwa juu ya turubai kwa bei moja. Makoti mazito ya nchi za theluji yalipata wenyewe miongoni mwa wavuvi wa usiku. Shati pana la mtu mzima lilipelekwa kwa fundi cherehani likatoka nguo mbili za mtoto. Na unafuu huo wa mitumba ulifika wakati wake, maana Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa inajitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe, na bei ya zao la Pemba ikaporomoka.

Kilichoiondoa enzi hiyo ni ushuru. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi Julai 1996, na viwango vya Zanzibar vikasogezwa karibu na vya Bara. Tarehe 1 Januari 2005 ukaja Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, huku mitumba ikitozwa zaidi ya hapo. Zanzibar haikuwa tena na bei yake.

Chake Chake ina mzigo mwingine juu ya ushuru: bahari. Kitu kilichoshushwa Unguja kinavuka mara ya pili kabla ya kufika Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Ilisajiliwa kubeba abiria 645. Maiti 203 zilipatikana siku zile, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliopotea walikuwa wengi mno. Baadhi ya waliookoka walikutwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa yakipelekwa Pemba kuuzwa. Siwezi kuandika historia ya vitu rahisi kisiwani bila safari hiyo.

Siku hizi bidhaa hutoka China, na picha zake hufika kwenye simu kabla ya kontena. Ngome kongwe ya Chake Chake imekuwa Makumbusho ya Pemba. Natamani familia zenye madaftari ya maduka ya zamani ziyapeleke huko kabla mchwa hawajayamaliza. Humo mna majina ya wakulima, kanga walizochukua, pishi za karafuu walizolipa, na madeni yasiyofutwa. Hesabu hizo za watu wa kawaida ni vigumu kuzipata penginepo.