Nani Anakula Nafasi ya Simu Yako? Historia Fupi, Kutoka Kibahasha cha Nokia Hadi Grupu la Familia

Musoma, Bunda mpaka Butiama, malalamiko ni yaleyale: simu ina picha chache na nyimbo mbili tatu, lakini inagoma. "Nafasi haitoshi." Mwenye simu anaapa hajaweka kitu. Na kweli, hajaweka. Vimeingia vyenyewe.

Haikuwa hivi zamani. Nokia 3310 ilitoka mwaka 2000, 1100 ikafuata 2003. Hazikuwa na kamera wala sehemu ya memori kadi. Kilichojaa ni meseji tu, na zikijaa, kibahasha kinawakawaka juu ya kioo. Unafuta za zamani, nafasi inarudi palepale. Shida pekee ya vijana wa Musoma enzi hizo ilikuwa kuamua meseji ipi ya mpenzi ifutwe na ipi ibaki.

Zikaja memori kadi ndogo, zile za microSD zilizoanza 2004 kwa jina la TransFlash. Hapo vibanda vya kurusha nyimbo vikapata biashara. Unataja wasanii unaowataka, unalipa, jamaa anakurushia kutoka kwenye kompyuta. Mwenye kadi ya GB 2 alijiona tajiri. Lakini bado kila wimbo uliingia kwa kuchaguliwa, na kadi ikijaa unajua nani kaijaza: wewe mwenyewe.

Mambo yakageuka na Android. Simu ya kwanza ya aina hiyo iliuzwa 2008, WhatsApp ikaja 2009. Sasa vitu vikaanza kuingia bila kukaribishwa. Chukua grupu la kamati ya harusi Bunda: video moja ya sendofu ikitumwa, inaweza kujipakua kwenye simu ya kila mwanakamati ambaye hajazuia. Mmoja akiirekodi na kuituma mwenyewe, kwenye Android WhatsApp hutunza nakala yake kwenye folda ya zilizotumwa, mbali na ile iliyobaki kwenye kamera. Programu hiyohiyo hutengeneza nakala ya meseji kila siku na kutunza za siku saba hivi. TikTok na Instagram nazo huweka akiba ya muda ya video ulizotazama, ili zifunguke haraka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukifungua galari ya picha za kamera.

Hata kufuta hakukubaki kufuta. Kwenye iPhone, picha iliyofutwa hukaa pipani siku 30. Google Photos hutunza siku 60 zile ambazo zilishahifadhiwa mtandaoni. Mtu anafuta picha 200, anaangalia nafasi, haijasogea, anadhani simu imerogwa.

Halafu kuna hesabu ya kiwandani. Kiwanda huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja, lakini simu nyingine huhesabu baiti 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo GB 16 inasomeka 14.9 hivi, na mfumo wa simu haujachukua chake bado.

Panapouma ni hapa. Mtu akibanwa hufuta anachokiona, na anachokiona ni picha. Mjukuu anafuta picha za marehemu bibi yake apate nafasi ya kupokea vichekesho vya asubuhi. Mwingine anakimbilia kwa fundi, simu inaflashiwa, inarudi nyepesi na tupu. Picha za msiba, sauti ya mzee, vyote kwaheri.

Pale Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Kila kitu kilichomo kipo kwa sababu kuna mtu aliamua kibaki. Simu za leo zinatunza kumbukumbu za ukoo mzima, lakini hakuna anayeamua.

Kazi hiyo inawezekana bila fundi. Tangu mwishoni mwa 2020, WhatsApp ina sehemu ya kudhibiti hifadhi, ndani ya mipangilio, inayopanga mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Anza huko. Zima kujipakua. Futa akiba ya muda ya programu, ila usiguse "futa data" kabla hujajua inafuta nini. Mwaga pipa. Picha za bibi ziwe za mwisho kabisa, na hata hizo zitumwe kwanza kwa ndugu wawili watatu.