Wanawake wa Makamo wa Kariakoo

Neno makamo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mahali pa kusimama, tena daraja na cheo, na sisi watu wa pwani tukalifanya jina la umri, tukimwita mwanamke wa makamo yule ambaye ujana umempa kisogo ilhali uzee haujampokea. Aghalabu ndio umri wa kukoma hedhi, jambo ambalo bibi zetu hawakulitaja mbele ya wanaume ila kwa mafumbo, ingawa sheria ililitaja waziwazi, kwa kuwa idda ya mtalaka aliyekoma hedhi huhesabiwa kwa miezi mitatu, si kwa twahara zake. Mwili hupandwa na joto la ghafla, usingizi huruka, moyo huwa mwepesi wa hasira. Na nyumba nayo hubadilika, maadamu watoto wamekwisha kuolewa au kuoa na mume pengine amekufa au ametoa talaka.

Mwezi wa Oktoba 2025 televisheni ya BBC ilionyesha mchezo wa Sally Wainwright uitwao Riot Women, ambamo wanawake watano wa umri huo, katika mji mdogo wa Hebden Bridge kaskazini ya Uingereza, wanaunda bendi ya muziki wa punki na kuyaimba waliyoyameza kwa miaka mingi. Niliutazama kwa furaha kubwa, na fikira zangu zikarudi Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa sababu mitaa ile iliyapata makundi ya namna hiyo miaka sabini kabla, na nyimbo zao zilisaidia kuiondoa dola ya kikoloni.

Kariakoo, iliyorithi jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Katika nyumba hizo walikuwamo wanawake waliomiliki paa lao wenyewe, waliopangisha vyumba, waliokaanga vitumbua na maandazi alfajiri, na wengine waliopika pombe. Wengi wao walikuwa wameachika mara moja au mbili, wengine hawakujaliwa mtoto au walijaliwa mmoja tu. Kijana aliyeolewa karibuni alikuwa chini ya ruhusa ya mumewe hata kwa safari ya kisimani, lakini huyu wa makamo alitoka alipotaka, akarudi alipomaliza haja yake. Ndiye aliyekuwa somo na kungwi, mwenye kuwafunda wari, na kwa hiyo kauli yake ilisikilizwa katika nyumba nyingi zisizo zake.

Wanawake hao walikuwa na vyama vyao vya ngoma, vya lelemama na vya taarabu: Bombay, Roho Mgeni, Good Luck, Egyptian, Al-Watan. Mtu asidhani kwamba vilikuwa vikundi vya kupitisha wakati. Vilikuwa na viongozi, michango, sare za kanga, na desturi ya kuzikana, kuozana na kukopeshana; navyo vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo za mafumbo, ambazo mshindwa alizibeba moyoni kwa muda mrefu. Humo mwanamke asiyejua kusoma alijifunza kuweka hazina, kuitisha mkutano, na kusimama mbele ya umati bila kutetemeka.

Chama cha TANU, kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, wanaume wengi waliojua kusoma waliogopa kukikaribia, kwa kuwa serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia siasa tangu mwaka 1953. Mwuza vitumbua hakuwa na bwana wa kumfukuza kazi. Mwaka 1955 akaja John Hatch wa chama cha Leba cha Uingereza, akauliza sehemu ya wanawake iko wapi. Ndipo akatajwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa Bombay, ambaye pamoja na Tatu binti Mzee aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma mmoja baada ya mwingine. Hakuhitaji kuandikisha mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kiongozi wa ngoma akikubali, kundi zima lilifuata. Na katika muda mfupi wanawake wenye kadi wakahesabika kwa maelfu. Waliuza kadi, wakachanga fedha, wakapokea wageni, wakaujaza uwanja wa Mnazi Mmoja kwa sauti zilizokwisha kuzoezwa katika arusi.

Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani aliyewahoji wanawake hao katika miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake mwaka 1997, alieleza kwamba wengi wao walikuwa watu wa makamo, Waislamu, walioachika, wenye elimu ndogo ya shule. Vitabu vyetu huandika tu kuwa wanawake nao walishiriki, kana kwamba walifuata nyuma ya waume zao; nami naona hiyo ni dhulma, kwa kuwa wengi hawakuwa na mume wa kumfuata, na huo uhuru wa umri wao ndio uliowatia nguvu.

Bibi Titi mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa kijana miongoni mwao. Makamo yake yalimkuta mahabusi: alikamatwa mwaka 1969 kwa shitaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972, akaishi hadi Novemba 2000. Barabara yenye jina lake hupita ukingoni mwa Mnazi Mmoja, na ukivuka kuingia Kariakoo leo utakuta maghorofa ya maduka pale zilipokuwa nyumba nyingi za uani, ambamo wanawake wa Bombay na Roho Mgeni walikaa mikekani usiku, vitumbua vya kesho vimekwisha kuumuliwa, wakifundishana wimbo mpya.