Farasi Hawakufika Ujiji

Farasi wa Stanley, mwandishi aliyetumwa kumtafuta Livingstone, walikuwa wawili, na Ujiji hawakuiona. Mmoja, wa kijivu, alitunukiwa na Sayyid Barghash wa Unguja. Wa pili alipewa na mfanyabiashara wa Kimarekani. Walitoka Bagamoyo Machi 1871. Walipofika Kingaru, mwendo wa siku chache tu, yule wa kijivu akafa. Stanley akampasua tumbo, akakuta minyoo. Wa pili akamfuata kabla siku haijaisha. Hadithi hii mimi huipendea jumbe wa Kingaru, aliyekuja kudai doti mbili za kitambaa kwa kuwa mzoga ulifukiwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamwambia haya, nitamfukua nimwache hapo juu. Jumbe akaona bora alale alipo.

Nimezaliwa Ujiji, na mtoto wa farasi nimemjulia vitabuni. Mbung'o ndiye aliyetunyima farasi. Miombo ya kati ya Tabora na Malagarasi ni makao yake, na vimelea anavyobeba humkondesha mnyama mpaka aanguke. Wasafiri Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 baada ya kupoteza punda wengi njiani. Stanley naye alianza na punda 27. Wengi wakaishia porini.

Na punda aliyesalimika haikuwa lazima awe amefunzwa. Mwanzoni mwa 1872, Livingstone akielekea Unyanyembe, karibu na Tabora, pamoja na Stanley, nyuki walimvamia punda wake. Badala ya kutimua mbio, mnyama akagaagaa chini; Livingstone ndiye aliyejitosa kichakani. Siku mbili baadaye punda akafa.

Wenye farasi hawangoji siku ya nyuki. Mtoto wa farasi huanza kushikwashikwa angali ananyonya: anapapaswa masikio, anainuliwa kwato moja moja, anavishwa hatamu nyepesi na kutembezwa ubavuni mwa mama yake. Mgongo wake hauguswi na mzigo mpaka mifupa ianze kukomaa, naye huwa ametimiza miaka miwili mitatu hivi. Kule Unguja, Salme binti Sayyid Said ameandika kwamba kaka zake walifunzwa kupanda farasi tangu wadogo. Mnyama alikuwa na mwalimu, mpandaji pia.

Huku bara aliyezoeshwa mzigo utotoni alikuwa mtoto wa mtu. Burton aliwaona watoto wa Wanyamwezi wakitembea na vipembe vidogo vya ndovu begani, wajizoeze. Wakikua, pembe ilikua nao, mpaka kufikia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, kutoka ziwani hadi pwani. Mifupa yao hakuna aliyeingoja ikomae.

Sitaki kuwafanya wanyonge, maana hawakuwa. Mnyamwezi alikwenda pwani kwa ujira aliokubaliana nao, na asipoupata alitua mzigo akaondoka zake. Kijana asiyewahi kuiona bahari alichekwa kijijini. Lakini msafara mzima uliegemea shingo na mabega yao, na matajiri wa pembe waliyaona hayo kuwa mambo ya kawaida. Hata Annie Hore, mke wa mmisionari, aliyekuja Ujiji mwaka 1885 kwa kiti cha magurudumu, alibebwa na watu.

Reli ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Pembe na vitambaa vikapanda behewa, na ungedhani mambo yameisha. Agosti ikaja vita. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walishuka hadi Kondoa Irangi kupigana na Wajerumani. Mbung'o na maradhi vikawaua farasi wao kwa maelfu. Upande wetu wa ziwa Wabelgiji waliingia Kigoma na Ujiji mwaka huohuo. Kila jeshi, la Mjerumani, la Mwingereza na la Mbelgiji, likaanza kusaka wapagazi vijijini, na safari hii hakuna aliyewauliza wanataka ujira gani.