Kile "Kiti cha Viking" cha Mbao Mbili, Kumbe Siyo cha Viking!

Wadau, kama mnafuatilia video za mafundi wa nyumbani, lazima mmeshakiona kile kiti cha mbao mbili. Ubao mmoja una tundu, wa pili una ulimi. Unachomeka, unakaa. Hakuna msumari wala gundi. Huko mtandaoni wanakiita "kiti cha Viking", na watu wanakitengeneza uani wikendi moja tu.

Ni kizuri? Sana. Ni cha Viking? Hapo sasa!

Mwaka 1904, karibu na mji wa Tønsberg huko Norway, lilifukuliwa kaburi la Oseberg. Ndani kulikuwa na meli ya mwaloni yenye urefu wa karibu mita 22, gari la kukokotwa, vitanda, masanduku na kiti. Waliozikwa humo mwaka 834 ni wanawake wawili, mmoja wa miaka kama 50, mwingine bibi wa miaka 70 au 80. Walikuwa malkia? Waganga? Hadi leo hakuna anayejua hata majina yao. Mbao hazikuoza kwa sababu ya udongo mzito wa mfinyanzi uliozifunika.

Basi kiti chao hakifanani kabisa na kile cha kwenye video. Kimeundwa kama sanduku, na nyuma kina egemeo. Sehemu yenyewe ya kukalia haikubaki, kwa hiyo fundi anayekiiga leo inabidi aamue mwenyewe: asuke kamba au aweke ubao.

Na mbao zenyewe je? Zama zile gogo lilipasuliwa kwa kabari, kisha likachongwa kwa shoka. Ubao wa kupasua unafuata nyuzi za mti, ndiyo maana unakuwa imara hata ukiwa mwembamba. Ukitumia mbao za mashine utapata umbo, ila ule uimara sahau.

Sasa kile cha mbao mbili ni cha nani? Ni cha huku kwetu Afrika! Malawi, kando ya Ziwa Nyasa, mafundi wanakichonga kwa nakshi na kukiita kiti cha chifu. Kwenye makaburi ya Viking hakijafukuliwa hata kimoja. Yaani kazi ya mafundi wetu imepewa babu wa Kizungu, na sisi tunabonyeza "penda" tu.

Hili si suala la jina peke yake. Vitu vingi vya mbao vya Oseberg vilihifadhiwa kwa kuchemshwa kwenye shabu, na shabu hiyo imezaa asidi inayovila kwa ndani. Vingine vimebaki ganda tu. Kuna siku nakala ndiyo itakayobaki kutueleza wale wanawake wawili walikalia nini. Nakala ikidanganya, tutamuuliza nani?

Kwa hiyo chukua randa na patasi, tengeneza unachokipenda. Ila jina, mpe mwenyewe.

Haya, nyinyi mngeanza na kipi: sanduku la Oseberg au kiti cha chifu?