Subira ya Mwindaji na Subira ya Koyoti

Koyoti ni mnyama wa Amerika ya Kaskazini, afananaye na bweha kwa umbo na kwa ujanja. Katika majira ya baridi ya 1819 hata 1820, msafara wa Meja Stephen Long ulipiga kambi kando ya mto Missouri. Thomas Say, mtaalamu wa wanyama, alitaka kumchunguza koyoti, na Titian Peale akatwaa kazi ya kumnasa.

Peale alitega sanduku. Koyoti akachimba chini yake akaivuta nyama kati ya mbao. Akaficha mtego wa chuma chini ya majani, akatundika vipande vya nyama mitini; kulipokucha vyote vilikuwa vimeliwa, isipokuwa kile kilichokuwa juu ya mtego. Akachoma majani, akaufunika mtego kwa majivu. Bado hakufua dafu. Hatimaye mtego wa gogo ulimpata mmoja, na mwaka 1823 Say akamtangaza kwa jina la Kilatini lenye maana ya mbwa abwekaye.

Katika karne ya 20 ilienea desturi ya kumwita. Mwindaji hujificha, akapuliza filimbi iliayo kama sungura aliyeumia, kisha akanyamaza. Koyoti aghalabu huzunguka kwanza, ili upepo umletee harufu ya mwitaji. Aondokaye mapema hamwoni. Apulizaye bila kituo humtia shaka.

Mvumilivu hula mbivu, wasema wahenga; lakini koyoti naye ni mvumilivu. Peale hakushinda kwa kungoja tu, bali kwa kuiacha kila hila iliyokwisha kugunduliwa. Vivyo hivyo mwitaji: asipopata kitu, huhama mahali, hubadili sauti, akaanza upya.