Domeni ni Kama Namba ya Majani Chai: Biashara Yako Mtandaoni Iko kwa Jina la Nani?

Ukipeleka majani chai kwa namba ya anko, bonasi inaingia kwa akaunti ya anko. Haijalishi ni wewe ulikuwa shambani kukinyesha, wala haijalishi mbolea ulilipia na doo zako. Kiwanda hakiulizi ni mgongo wa nani unauma, kinaangalia namba. Kila msee aliyekulia Merigi, ama popote pengine hii Bomet na Kericho ya chai, anajua hiyo hesabu kuliko ile ya shule.

Sasa hiyo akili yote hupotea siku ya kufungua tovuti. Msee anataka kuuza chai ya kusokota kwa mkono, ama asali, ama mursik ya kupeleka Nairobi. Anaenda kwa kijana wa saiba Bomet mjini, anamwachia pesa, anamwambia "nifanyie kila kitu." Kijana anafanya kila kitu kweli, hadi kujiandika yeye mwenyewe kama mwenye jina. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni haraka tu: fomu inauliza imeili, mteja hakumbuki yake, kijana anaweka yake. Miaka miwili baadaye kijana ako Qatar, simu haishiki, na jina limeisha muda. Kibao cha duka, stika za pakiti na fulana zote zinaelekeza wateja kwa mlango ambao huna ufunguo wake. Hiyo ni ngori, na unaweza kuizuia kwa nusu saa na kama elfu moja hivi.

Domeni ni nini, na si nini

Domeni ni ile anwani mtu anaandika kwa simu, tuseme merigichai.co.ke. Hilo ni jina la mfano tu, usikimbie kulitafuta. Tovuti ni kitu kingine: ni picha, bei na maneno yako, na hivyo vyote vinakaa kwa kompyuta ya kampuni fulani unayoilipa kodi. Chukulia duka na kibao chake cha njiani. Duka unaweza kubomoa, ukajenga lingine, ukahamia ploti nyingine, bora kibao kiwe chako. Kibao kikienda, hata duka likiwa la ghorofa, watu watapita tu.

Halafu kuna kitu wengi hawaambiwi: domeni hainunuliwi milele. Unalipia haki ya kuitumia kwa muda, mwaka mmoja ama kadhaa (.com mwisho ni miaka 10 kwa mpigo), na muda ukiisha bila kulipa, mwishowe inarudi sokoni.

Na usidhani jina kuandikwa kwa mtu binafsi ni ushamba wa saiba. Hata .ke yenyewe, mkia wa nchi nzima, ilianza hivyo. Aprili 1993 Kenya ilipopewa .ke, aliyeandikwa kama msimamizi alikuwa Shem Ochuodho, yule aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, na upande wa ufundi aliandikwa Mmarekani anaitwa Randy Bush. Hakuna aliyeiba kitu. Enzi hizo nchi nyingi zilianza hivyo, intaneti ilikuwa ya wataalamu wachache, na ni hao waliotufungulia mlango. Lakini biashara ilipokua, watu wakataka jina likae chini ya shirika. Ilibidi serikali na kampuni za mtandao wakae chini, waunde KENIC, halafu maombi yaende hadi ICANN kule California. Uhamisho ulikubaliwa mwisho wa 2002, miaka tisa baada ya kuanza. Kama nchi nzima ilihitaji vikao hivyo vyote kubadilisha jina kwa rekodi, wewe peke yako ukimtafuta kijana aliye Qatar utafika wapi?

Kuchagua jina: pima na redio

Kipimo changu ni kimoja. Chukulia jina lako limetajwa mara moja kwa Chamgei FM ama Kass FM, na msikilizaji ako kwa matatu bila kalamu. Ataliandika sawa akishuka? Kama hapana, tafuta lingine.

Huku kwetu hicho kipimo ni kigumu kuliko Nairobi, kwa sababu majina yetu yana sura mbili mbili. Chai ikiitwa Chepkoech kwa heshima ya mama yako, msee wa Eldoret ataandika Jepkoech, maana Kipsigis wana Chep na Nandi wana Jep. Cherono na Jerono ni hivyo hivyo. Ukitumia Lang'at, ile alama ya juu haiingii kabisa, domeni inakubali herufi, tarakimu na kistari tu. Kistari nacho ni noma, jaribu kukitamka kwa simu na mteja wa Mombasa uone. Kama umependa jina lenye sura mbili, lipia zote mbili na ya pili uielekeze kwa ya kwanza. Ni gharama ndogo kuliko kupeleka wateja kwa jirani.

Wengi hukimbilia neno Kericho kwa sababu linajulikana. Polepole hapo. Kericho Gold ni chapa ya kampuni ya Mombasa, Gold Crown Beverages, na Ketepa nayo ina jina lake sokoni tangu zamani. Jina lako likikaribia la hao, utapata barua ya wakili kabla upate oda ya kwanza. Mimi ningekaa na Merigi. Mnunuzi wa London hajui ni wapi, sawa, lakini pia hajui wengine kumi wanaojiita hivyo. Kitu kingine, usijifunge kwa bidhaa moja kama una mpango wa kuongeza maparachichi mwaka ujao.

Tarakimu za mwaka kwa jina, kama 2025? Wacha tu.

Daftari tatu zisizojuana

Hapa ndipo wasee huchomeka. Kusajili jina la biashara kwa eCitizen, kupitia ile Huduma ya Usajili wa Biashara, hakukupi domeni. Kupata domeni hakukupi alama ya biashara. Alama ya biashara ni ya KIPI, ikikubaliwa inakulinda miaka 10 na unaweza kuihuisha. Hizo ni daftari tatu tofauti, na hakuna moja inayopigia nyingine simu kuuliza. Unaweza kuwa na cheti cha biashara kimening'inia ukutani na bado mtu wa Thika ako na domeni ya jina hilo hilo, kihalali kabisa.

Kwa hivyo tafuta jina kwa zote tatu siku moja. Likiwa wazi kote, anza na domeni, kwa sababu ni ya bei ndogo, inachukua dakika, na ndiyo mtu anaweza kukuwahi nayo usiku huo huo. Halafu eCitizen. KIPI inahitaji pesa na subira zaidi, ifanye biashara ikianza kushika, ila usiisahau. Na usichapishe hata stika moja kabla domeni haijaingia kwa akaunti yako. Pia usianze kutangaza jina kwa Facebook ukiuliza mashabiki kama ni poa.

Mkia gani?

Kwa biashara ya hapa, .co.ke inatosha na watu wameizoea. Tangu 2017 unaweza pia kupata .ke moja kwa moja bila hiyo co ya katikati, ni fupi na inakaa fiti kwa pakiti, ila pima bei kwanza. Kanisa ama kikundi cha kijamii kina .or.ke, shule ina .sc.ke, chuo kina .ac.ke, na .go.ke ni ya serikali pekee. Kama soko lako liko nje, ongeza .com, maana mzungu akisahau huandika .com bila kufikiria. Kuna .africa pia, ilifunguliwa 2017, lakini bado sijaona ikimwongezea muuza chai mteja.

Siku ya kununua

KENIC ndio wanashika daftari la .ke, lakini wewe unanunua kupitia wasajili waliopewa idhini, na orodha yao iko kwa tovuti ya KENIC. Usivutwe na bei ya mwaka wa kwanza. Kuna wanaokupa domeni kwa bei ya chapati, halafu mwaka wa pili unaitishwa mara kadhaa zaidi. Uliza bei ya kuhuisha, hiyo ndiyo bei yenyewe.

Fomu itauliza watu: mwenye jina, msimamizi, fundi, na mlipaji. Kijana aliyekutengenezea tovuti akae kwa nafasi ya fundi, basi. Mwenye jina ni wewe ama kampuni yako, na imeili iwe yako. Fungua akaunti kwa simu yako, weka neno la siri wewe, lipa na M-Pesa yako, hifadhi risiti. Kama kijana anahitaji kuingia kufanya kazi, badilisha neno la siri akimaliza. Akikasirika kwa hilo, umejua mapema.

Imeili ya akaunti isiwe ya hiyo domeni yenyewe. Kuna watu huweka info@jinalao kwa sababu inakaa pro. Siku domeni inaisha muda, imeili inakufa nayo, na ile ujumbe ya kukukumbusha kulipa inatumwa kwa sanduku lililokufa. Tumia Gmail ama nyingine ya kando, na uwashe ulinzi wa hatua mbili. Ukiweza, tumia programu ya kutoa nambari badala ya SMS, maana wezi wa laini za simu tunawajua hapa Kenya. Halafu angalia kama akaunti ina kufuli la uhamisho, na uliwashe.

Kulipa kwa wakati, hata Microsoft ilisahau

Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, na watu wa Hotmail wakaanza kushindwa kuingia kwa imeili zao siku ya mkesha wa Krismasi. Msee mmoja wa Marekani, Michael Chaney, ndiye aligundua shida, akalipa dola 35 na kadi yake, huduma ikarudi. Microsoft walibahatika kupata mtu mwema. Wewe utapata mtu wa kukuuzia jina lako mara hamsini.

Wenye kadi ya benki wanaweza kuwasha malipo ya kujiendesha. Wengi wetu tunalipa na M-Pesa, na mara nyingi hapo unalipa kwa mkono kila mwaka. Dawa ni kalenda ya chai. Bonasi ya KTDA kwa kawaida huingia karibu Oktoba, kwa hivyo lipia domeni kipindi hicho, miaka miwili ama mitatu kwa mpigo ukiweza. Ukisajili Februari wakati mifuko ni mikavu, kila Februari utakuwa unasota na tarehe inakuangalia.

Kwa .com, ukichelewa, msajili anaweza kukupa hadi siku 45, halafu kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada ya ziada ambayo inauma, halafu siku 5 za mwisho huwezi kufanya kitu, kisha inaachiliwa kwa yeyote. Hizo za .ke zina utaratibu wake, soma masharti ya msajili wako kabla hujalipa.

Ukishasajili, utaanza pia kupata imeili za kutisha. Ile maarufu hudai kuna kampuni China inataka kusajili jina lako huko Asia, na uwajibu haraka kabla hujapokonywa. Ni utapeli wa zamani. Nyingine ni ankara ya kuhuisha kutoka kwa kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Unamlipa msajili wako tu, na unaingia kwa kuandika anwani yake mwenyewe, hubonyezi linki iliyotumwa.

Kama tayari iko kwa jina la mwingine

Angalia kwanza. Kwa .ke kuna huduma ya utafutaji kwa tovuti ya KENIC, na kwa .com kuna lookup.icann.org. Siku hizi majina mengi yamefichwa kwa sababu ya sheria za faragha, kwa hivyo jaribio la kweli ni hili: unaweza kuingia kwa akaunti ya msajili bila kumpigia mtu? Kama huwezi, si yako bado.

Mtafute fundi mkiwa bado marafiki, usingoje mkosane. Mwombe abadilishe mwenye jina na imeili, ama akupe ile nambari ya siri ya kuhamisha ndio uipeleke kwa akaunti yako. Jua tu kwamba .com mpya haihami kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza. Mpe kitu kidogo kwa muda wake, na muandikishane kwa WhatsApp kwamba jina ni la biashara.

Akikataa ama akiitisha ransomu, kuna njia. KENIC ina utaratibu wa migogoro ya .ke, na .com ina ule wa ICANN ulioanza 1999. Ule wa .com unakutaka uonyeshe vitu vitatu: una alama ya biashara na jina linafanana nayo, huyo mtu hana haki nalo, na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Hapo ndipo cheti cha KIPI, risiti ya M-Pesa na zile meseji za WhatsApp zinakuwa na kazi. Kesi inakula pesa na miezi, kwa hivyo chukua simu leo jioni, jaribu kuingia kwa akaunti, na kama mlango umefungwa mpigie fundi kabla hajaabiri ndege.