Adapta: kutia lenzi ya picha kwenye kamera ndogo ya video

Kamera ndogo ya video, kama Canon HV20 ya mwaka 2007, iko na kipande kidogo sana cha kupokea mwanga. Ndiyo maana sura ya mtu na ukuta wa nyuma vyote vinaonekana wazi sawasawa. Wenye kutafuta picha kama ya sinema, lakini bila pesa nyingi, walitumia adapta.

Inafanya kazi namna gani? Lenzi ya kamera ya picha inatupa picha kwenye kioo chenye ukungu, halafu kamera ya video inachukua ile picha ya kwenye kioo. Sura inabaki wazi, nyuma kunafifia.

Lakini matatizo iko. Picha inatokea kichwa chini. Punje za kioo zinaonekana, kwa hiyo adapta zingine ziko na mota ya kutikisa kioo. Tena mwanga mwingi unapotea: arusi ya usiku, umeme ukikatika, hautapata kitu.

Mwaka 2008 Canon ilitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha yenye kuchukua na video, na adapta zikaanza kusahaulika. Mtu akikuuzia moja leo, fikiri kwanza. Weka mtu mbali na ukuta, wewe rudi nyuma, kisha vuta kwa zumu: nyuma kutafifia kidogo, bila kulipa kitu.